Asali Badala ya Sukari

Sikilizeni, ninyi baba na mama wa Bukavu. Mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka 1 akikohoa usiku, mpeni kijiko kidogo cha asali safi kabla ya kulala. Itamtuliza koo. Akihema kwa shida, mpelekeni hospitali upesi.

Lakini mtoto wa chini ya miezi 12 msimpe asali hata tone moja. Pengine ndani yake mna vijidudu visivyoonekana. Tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu, mwili ukalegea, hata pumzi ikazuiliwa. Kuichemsha nyumbani hakuviui.

Ninyi wakubwa, asali ina utamu mwingi, basi kidogo chatosha katika chai. Msizidishe: nayo huozesha meno, na mwenye kisukari aihesabu kama sukari.