Jua Lilisingiziwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wengi walikwenda Rujewa kulitazama. Tarehe 10 ya mwezi huo huo ardhi ilitetemeka Bukoba kwa kipimo cha 5.9. Watu walikufa, nyumba na shule zilibomoka. Nilipofika nyumbani nilimkuta baba yangu mdogo ameketi juu ya matofali ya nyumba yake. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe msomi, si lile jua hili?" Kwa kumwonea huruma nikajibu, "Huenda, baba."

Jibu hilo lilinisumbua, nikaanza kusoma. Swali lake halikuwa la kijinga. Mwaka 1853 Rudolf Wolf wa Uswisi, aliyehesabu madoa ya jua, alidhani madoa hayo yanahusiana na matetemeko. Mwaka 1974 John Gribbin na Stephen Plagemann walitabiri kitabuni kwamba mwaka 1982 sayari zingelichochea jua na Los Angeles ingetetemeka vibaya. Mwaka ule ukapita salama. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Marekani walilinganisha kumbukumbu za matetemeko na za madoa ya jua, wasione uhusiano wa kutegemewa. Watafiti wengine walidai mwaka 2020 kuwa wameuona, lakini hakuna awezaye kutabiri tetemeko kwa kutazama jua. Tazameni Chile: tetemeko la 9.5 la mwaka 1960 lilitokea jua likiwa na madoa mengi. Lile la 8.8 la mwaka 2010, jua likiwa na madoa machache.

Sababu imo chini ya miguu yetu. Katika Bonde la Ufa ardhi inavutwa pande mbili polepole. Mwamba ukielemewa, hukatika.

Niliporudi tena, baba mdogo alikuwa anajenga upya kwa matofali yale yale, bila lenta. "Kosa lilikuwa la jua," akasema, "nawe ulikubali." Niliona haya. Nilimwomba radhi, tukasimamisha kazi, nikanunua nondo na saruji, lenta ikafungwa.

Vijana, mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, kisha mkatafute. "Huenda" yangu nusura imrudishe mzee chini ya ukuta ule ule.