KUWAGAWA WATOTO KWA UWEZO WAO
(Hotuba kwa wazazi wa Kwale)



Wazazi wengi, toka Msambweni hata Kinango, huudhika mtoto akitiwa katika mkondo wa nyuma, husema ametupwa. Sishangai, kwani mara nyingi mkondo wa mbele hupewa mwalimu hodari, na wa nyuma hupewa yeyote aliyebaki.

Lakini sikilizeni habari ya Magharibi ya Kenya. Mwaka 2005 shule za msingi 121 zilipata mwalimu wa ziada, na darasa la kwanza likafanywa makundi mawili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa alama zao. Katika 61 walichanganywa. Baada ya miezi 18 Bibi Esther Duflo na wenzake wawili waliona kuwa watoto wa shule zile 60 wametangulia, hata wa kundi la chini, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale walipofikia. Nao walimu waligawiwa makundi kwa kura, jambo ambalo watu hulisahau.

Basi, mzazi, usiulize tu mwanao yumo mkondo gani. Uliza ni nani amfundishaye, na kama akisoma vema aweza kupandishwa muhula ujao.