SHOKA LA SAFARI YA PUGU

Jumamosi iliyopita, hapa Segerea, alinijia mpwa wangu, kijana wa kidato cha tano. "Shikamoo mjomba. Naomba uniazime lile shoka." La nini? Kumbe yeye na wenzake sita wanakwenda kupiga kambi siku mbili upande wa Pugu, na katika orodha yao shoka limeandikwa juu ya maji ya kunywa!

Sikumnyima papo hapo. Nilimwambia alishike, alitikise. Kichwa kikacheza. Shoka la dukani linashikwa na kabari iliyopigwa kwenye mpini. Mpini ukikauka, kichwa hulegea, na siku moja huruka. Wengi wetu hulilaza ndani ya ndoo ya maji, mti ukavimba, tukadhani limepona. Likikauka tena ni lile lile. Wahunzi wetu wa zamani walifanya vingine: walitoboa kichwa kinene cha mpini wakapenyeza humo mkia wa shoka, na kila pigo likazidi kulikaza.

Mimi mwenyewe nina kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mwaka 1987, porini, nilichanja kijigogo kidogo nikiwa nimesimama. Shoka likateleza. Nilibebwa kwa baiskeli saa tatu nzima, kanga imefungwa mguuni, hadi kwenye zahanati. Tangu hapo nachanja nimepiga goti. Nikikosa, shoka linakula udongo.

Halafu ziko kuni zenyewe. Pugu na Kazimzumbwi ni misitu ya hifadhi, na kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kukata mti humo bila kibali ni kosa. Misitu hiyo imeliwa miaka mingi na wachoma mkaa, na mkaa huo, tusidanganyane, tumeununua sisi wa mjini. Kijana akikutwa humo na shoka begani, atamweleza nini askari wa misitu? Kwamba yeye ni mtalii?

Kule Kilimanjaro wapandaji hawaruhusiwi kuwasha kuni. Hata hivyo Oktoba 2020 moto uliunguza mlima ule kwa siku kadhaa. Taarifa ya awali ya TANAPA ilisema ulianzia Whona, ambako wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Kupasha chakula tu, ndugu zangu!

"Sasa mjomba, tutapikia nini?" Nikampa jiko langu la mchina na mafuta ya taa lita mbili, nikamwonya asiliwashe ndani ya hema.

"Na vigingi vya hema tupigilie na nini?"

"Jiwe."

Alicheka, lakini alikwenda. Shoka liko nyuma ya mlango wa jikoni. Akirudi tutalitia mpini mpya, na kabari ataipiga yeye.