Rifali Nyepesi, Dhamana Nzito

Mada iliyosomwa katika mafunzo ya wamiliki wa silaha na waombaji wa leseni za uwindaji wa wenyeji, ukumbi wa halmashauri ya wilaya



Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli shambani, kwa kuwa jembe baya humchosha mwenyewe peke yake. Bunduki si jembe. Bunduki iliyochaguliwa vibaya humchosha mwenyewe, humtesa mnyama, na huweza kumfikia mchungaji ambaye mwindaji hakumwona kabisa. Kwa sababu hiyo, mada hii inazungumzia swali ambalo waombaji wa leseni huuliza mara kwa mara: je, rifali nyepesi ya bolti, ile inayosifiwa kuwa inapiga mbali, ndiyo inayomfaa mwindaji?

Ni vema kuanza na chombo chenyewe. Rifali ya bolti ni ile ambayo mwindaji huinua kishikio kwa mkono, akakivuta nyuma ili ganda lililotumika litoke, kisha akakisukuma mbele ili risasi mpya iingie chemba. Muundo unaofuatwa na nyingi kati ya rifali hizo hadi leo ulikamilishwa na Mjerumani Paul Mauser mwaka 1898. Wawindaji waliupenda kwa sababu zilizo wazi: sehemu zake ni chache, ni imara, husafishwa kwa urahisi, na mtu akiivuta bolti nyuma huona mara moja kama chemba ina risasi au haina. Hilo la mwisho limeokoa maisha ya watu wengi.

Rifali ya kawaida ya namna hii, ikiwa na darubini yake, huwa na uzito wa kilo 4 hivi. Rifali inayoitwa nyepesi hushuka hadi kilo 3 au chini ya hapo. Mafundi huupata wepesi huo kwa kuupunguza unene na urefu wa mtutu, kwa kutumia kitako cha nyuzi za kaboni badala ya mti, na mara nyingine kwa kutengeneza sehemu za chuma kwa titani. Wateja wakubwa wa bunduki hizo ni wawindaji wa milimani, hasa Marekani. Huko mwindaji hubeba hema na chakula mgongoni, hupanda miteremko siku kadhaa, na mnyama anayemtafuta huweza kuwa ng'ambo ya bonde ambalo haliwezi kuvukwa kabla jua halijazama. Kwake kila gramu ni mzigo, na risasi ya mbali wakati mwingine ndiyo pekee atakayoipata.

Mwindaji wa nyika naye hutembea kutwa nzima juani, kwa hiyo si ajabu akiutamani wepesi. Hata hivyo, wepesi una bei yake, na bei hiyo hailipwi dukani. Hulipwa pale kifyatulio kinapovutwa.

Malipo ya kwanza ni teke. Risasi inapokwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma begani. Kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi, ndivyo nguvu ya teke hilo inavyoongezeka. Risasi ile ile ikipigwa kwa bunduki ya kilo 3 badala ya ya kilo 4, nguvu ya teke huongezeka kwa thuluthi moja. Mwindaji aliyepigwa teke la namna hiyo mara kadhaa huanza kuogopa bunduki yake mwenyewe. Hufumba macho kabla ya mlio, hukivuta kifyatulio kwa pupa, na risasi huenda chini au kando. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo.

Malipo ya pili ni kutotulia. Bunduki nzito hutulia mkononi kama mtungi uliojaa maji, ilhali nyepesi hutikiswa na pumzi, na mapigo ya moyo, na upepo. Aliyetoka kupanda kilima huku akihema ataiona alama ya darubini ikicheza juu ya mnyama, na hatapata nafasi ya kuituliza.

Malipo ya tatu ni joto. Mtutu mwembamba hupata moto baada ya risasi chache, na baadhi ya mitutu hiyo huanza kuzitawanya risasi. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja kwa siku hilo si tatizo kubwa, lakini kwa anayefanya mazoezi ni lazima ausubiri mtutu upoe, la sivyo atajifunza mambo ya uongo kuhusu bunduki yake.

Sasa lije suala la umbali, ambalo ndilo linalowavutia wengi. Chukua rifali ya kaliba ya .30-06, risasi maarufu duniani tangu mwaka 1906. Ikiwa imerekebishwa ipige katikati ya shabaha kwenye mita 200, risasi yake huwa imeshuka zaidi ya sentimita 20 ifikapo mita 300, na zaidi ya sentimita 60 ifikapo mita 400. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao hutikisa majani na matawi madogo tu, huisukuma kando zaidi ya sentimita 15 kwenye mita 300. Tena risasi hutumia zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400. Katika muda huo swala ameshapiga hatua, na risasi iliyokusudiwa moyo huingia tumboni.

Pana hesabu nyingine iliyo nyepesi zaidi kuifahamu. Eneo la moyo na mapafu la swala ni kama duara la upana wa sentimita 15. Rifali nzuri ikilazwa juu ya meza huweza kuweka risasi zake ndani ya sentimita 3 kwenye mita 100, na muuzaji huisifu kwa kipimo hicho. Lakini mwindaji hawindi akiwa mezani. Mtu wa kawaida aliyeketi chini au kuegemea fimbo huziweka risasi zake ndani ya sentimita 10 kwenye umbali huo huo. Kwenye mita 300, sentimita 10 zimekuwa 30, yaani maradufu ya duara lote. Bunduki ina uwezo wa kufika, ila mpigaji hana. Umbali wa bunduki ni umbali wa mtu aliyeishika.

Historia ya Afrika Mashariki inalithibitisha hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda, hata akaitwa Karamojo Bell. Idadi ya tembo aliowaua maishani mwake ilizidi 1,000, na wengi wao aliwaua kwa rifali nyepesi ya bolti ya milimita 7, wakati wenzake walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Zile zilikuwa zama za biashara ya pembe za ndovu, na hakuna anayepaswa kutamani zirudi. Lakini siri ya ustadi wake inafaa kujulikana. Bell alipasua kichwa cha tembo ili ajue ubongo unakaa wapi, akajizoeza daima, na akamsogelea mnyama hadi karibu. Wepesi wa bunduki ulimsaidia kutembea. Kuua kwa risasi moja kulitokana na maarifa na ukaribu.

Kwa nini jambo hili liihusu halmashauri? Kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa haishii porini. Nyati mwenye risasi kwenye paja hujificha kichakani karibu na maji, na anayekutana naye kesho yake si mwindaji. Ni mama aliyekwenda kuteka, au mtoto anayechunga mbuzi. Vilevile risasi iliyomkosa mnyama haifi pale pale. Risasi ya rifali ya kawaida ya kuwindia huweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Ndani ya kilomita hizo pana mashamba, maboma na njia za shule. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ni hivyo hivyo.

Kutokana na hayo, anayetaka kununua rifali azingatie mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, aanze na umbali wake mwenyewe. Katika misitu ya miombo jicho mara nyingi halivuki mita 150. Rifali ya kupiga mita 600 huko ni mapambo tu.

Pili, achague kaliba kwa kumtazama mnyama wa kwenye leseni yake na risasi zinazopatikana madukani. Kaliba ngeni isiyo na risasi nchini ni fimbo ya bei kubwa. Kwa nyati na wanyama wengine hatari, .375 ndicho kipimo cha chini kilichozoeleka katika eneo hili la Afrika, na bunduki ya kaliba hiyo haifai kuwa nyepesi hata kidogo. Kilo 4 au zaidi ni rafiki wa bega.

Tatu, kwa swala na wanyama wa kadiri, atafute uzito wa kati, kilo 3 hadi 3.5 pamoja na darubini. Akitaka kupunguza gramu, aanze na darubini yenyewe, maana darubini kubwa huweza kuurudisha uzito wote uliokwepwa kwenye mtutu.

Nne, ajaribu kitako begani kabla ya kulipa. Kiwe na mpira wa kupokea teke, na urefu unaolingana na mkono wake. Kifaa cha mdomo wa mtutu kinachopunguza teke huongeza kelele, kwa hiyo asiyeziba masikio yake asikitumie.

Tano, kabla ya kununua, afuate sheria. Ombi la kumiliki silaha huanzia serikali ya kijiji au mtaa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wowote huongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Sita, na ndilo kubwa kuliko yote, ajipime katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Achore duara la sentimita 15, akae kama anavyokaa porini, apige risasi 5. Zikiingia zote, arudi nyuma mita 25 na kurudia. Pale risasi moja itakapotoka nje ya duara, mpaka wake umekwishapitwa. Umbali uliotangulia ndio wake, na asiuvuke hata kama mnyama ni mkubwa na jua linazama.

Ndugu wawindaji, rifali nyepesi si mbaya. Ni njema kwa miguu iliyotembea tangu alfajiri. Ubaya ni kuichukua kuwa badala ya kunyata, badala ya subira, na badala ya mazoezi. Mwindaji anayesogea hatua 100 zaidi kabla ya kufyatua hulinda nyama yake, heshima yake, na mtoto wa jirani yake aliye ng'ambo ya kichaka.