Umepaka Vanishi Tu



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo niliusoma shuleni na kuujibia mtihani, lakini aliyenifundisha maana yake ni kaka yangu, fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Yeye hakuvuka darasa la saba. Ada ya stashahada yangu ya uandishi wa habari ilitoka kwenye vitanda vyake.

Wakati wa likizo nilikuwa nikishinda karakanani kwake. Siku moja alinikuta nimeduwaa mbele ya karatasi tupu. Nikamwambia nasubiri wazo. Akacheka. "Mdogo wangu, ubao hautazamwi ukageuka kitanda. Piga randa kwanza." Uzuri wa mninga hauonekani mpaka tabaka la juu limeondoka, hapo ndipo fundi anapojua upande upi uwe mbele.

Usemi wake wa pili ulikuwa huu: "Mteja hulala juu ya kitanda, fundi hulala chini yake." Ulimi wa ubao usipokaa sawasawa katika tundu lake, gundi na misumari haviokoi kitu. Baada ya miezi michache kitanda kitaanza kulia. Na huko chini ya chaga hachungulii mtu ila fundi mwenyewe.

Sasa nitasema la aibu yangu. Miaka ya mwanzo kazini, juma moja nilibanwa na uvivu. Nikachukua maoni ya mwenzangu mmoja yaliyosomwa zamani, nikabadilisha tarehe na maneno mawili matatu, nikayasoma hewani kama yangu. Ofisini hakuna aliyegundua. Wapo hata walionipongeza.

Jumapili nikapita Keko. Redio ya kaka haizimwi, imejaa vumbi la mbao. Hakuinua macho kutoka kwenye msasa. Akasema, "Ubao ule niliuona zamani. Umepaka vanishi tu."

Nilijitetea. Nikasema kila mtu huazima, hata yeye hutazama makabati ya wenziwe. Ndipo aliponitajia Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, hapa hapa Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za kiwandani. Hakungoja turubai wala chuo cha sanaa. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu, lakini jamaa zake aliowafundisha waliendeleza kazi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji.

"Rangi ilikuwa ya dukani," kaka akaniambia, "lakini chui alikuwa wake."

Nilirudi kazini nikamwendea yule mwenzangu, nikamweleza nilichofanya na kumwomba radhi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniambia alikuwa amesikia siku ile ile, akawa anangoja aone kama nitakuja.

Msikilizaji, wengi wetu kazi zetu hazichunguliwi. Mwalimu anaweza kunakili andalio la somo la mwaka jana, karani akaweka mhuri bila kusoma, mwandishi akapaka vanishi. Mshahara utaingia vile vile. Lakini kitanda kitalia siku moja, na mwenye kusumbuka atakuwa yule aliyekilalia kwa kutuamini.

Kaka sasa mikono inatetemeka, randa ameiachia wanawe. Ila redio bado iko palepale juu ya rafu. Kwa hiyo kila juma, kabla taa nyekundu ya studio haijawaka, najiuliza swali moja: chui huyu ni wangu?

Hadi juma lijalo, kwaherini.