Kasa na chembe zinazochoka

Msikilizaji, uvimbe unaoota kama koliflawa kwenye macho na shingo ya kasa wa kijani ulielezwa na wataalamu mwaka 1938, kwa kasa waliotoka Florida. Unahusishwa na kirusi cha jamii ya hepesi. Swali lililosumbua muda mrefu ni hili: je, kasa huugua kwa sababu kinga yake imeshaporomoka, au ugonjwa ndio unaoiporomosha?

Huko Hawaii watafiti walilitafuta jibu ndani ya damu. Walichota damu shingoni, wakatenga limfosaiti, chembe nyeupe zinazomkumbuka adui, kisha wakazichokoza kwa protini ya maharage mekundu. Ndiyo, maharage haya haya ya chunguni. Chembe yenye afya ikiguswa na protini hiyo huamka, huvimba, huanza kugawanyika. Za kasa waliojaa uvimbe zilijikongoja. Lakini kasa wasio na uvimbe, wanaoishi kwenye ghuba moja na wenzao wagonjwa, chembe zao ziliitikia vizuri. Hapo ndipo penye uzito kwangu: kinga haikutangulia kuanguka.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Chembe nyekundu za kasa zina kiini, tofauti na zetu, kwa hiyo mashine za kuhesabu damu ya binadamu huzichanganya na nyeupe. Mtaalamu huinamia darubini akazihesabu kwa jicho.

Kwetu pia, Watamu, pwani ya Kenya, kasa wenye uvimbe huu hupokewa na kutibiwa. Natamani wote wafikishwe mapema, chembe zao zikingali na nguvu ya kuitika.