Tansiyo na moyo: tusiache vidonge

Wamama na wababa, tangu 2005 wengi wetu tulirudi Baraka kwa meli toka Kigoma, tukitokea Lugufu na Nyarugusu. Wengine tulikuwa tunameza vidonge vya tansiyo kule kambini. Kufika huku tukaviacha, eti hatuumwi.

Tansiyo haiumi mwanzoni. Mshipa muzima unatanuka damu ikipita, kisha unarudi. Tansiyo ya miaka inaukaza, unakuwa mgumu kama mpira wa zamani wa kinga. Hapo moyo unafanana na mpiga kasia mwenye upepo mbele: unasukuma sana, nyama yake inanenepa, mwisho unachoka. Pumzi inakatika, miguu inavimba.

Basi tupimwe. Ikirudia 140/90 ao zaidi, tumuone muganga. Chumvi tupunguze, vidonge tuendelee navyo.